Kamati ya Bunge na Fedha za Watu: Mafunzo kutoka Marekani

Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za usimamizi za vyama wanachama

Mtu anapopeleka fedha zake benki, au katika chama cha kuweka na kukopa, anachorudi nacho nyumbani ni maandishi tu. Fedha zenyewe zimekwisha ingia mikononi mwa watu wengine: meneja, karani, halmashauri, na wale waliokopeshwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayelipia nyumba kidogo kidogo kwa miaka 20 au 30. Kila mwezi analipa kwa kuamini kwamba siku ya mwisho hati itakuwa yake. Imani hiyo ni mtaji mkubwa kuliko wote katika kazi ya fedha, na haifai kuachwa bila mlinzi. Swali la mazungumzo haya ni hili: mlinzi huyo afanyeje kazi yake, na yeye naye alindwe na nani?

Mfano uliochaguliwa ni wa Bunge la Marekani. Haukuchaguliwa kwa kuwa Wamarekani hawakosei. Umechaguliwa kwa kuwa mafanikio yao na aibu zao katika jambo hili zote zimeandikwa hadharani, na mwenye kutaka kujifunza anaweza kuzitazama bila kificho.

Kamati na mamlaka yake

Bunge la Marekani lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kila moja lina kamati yake ya mambo ya fedha. Ile ya Baraza la Wawakilishi ilianza mwaka 1865. Ile ya Seneti ilianza mwaka 1913, mwaka ule ule ilipopitishwa sheria ya kuunda Benki Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 1970 kamati ya Seneti ilipewa jina linalotaja mabenki, nyumba na miji kwa pamoja. Mambo hayo hayakuunganishwa kwa bahati tu. Nyumba nyingi hujengwa au kununuliwa kwa mkopo. Basi benki ikiyumba, ujenzi husimama, na mikopo ya nyumba ikiharibika, benki huanguka. Jambo hilo lilionekana wazi mwezi Septemba 2008, serikali ya Marekani ilipolazimika kushika uendeshaji wa Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa yaliyosimama nyuma ya mikopo ya nyumba nchini humo.

Mamlaka ya kamati hizo ni ya namna nne. Kwanza, miswada ya sheria za mabenki na nyumba hupitia kwao kabla ya kufika mbele ya baraza zima. Pili, kamati ya Seneti huwahoji watu walioteuliwa na Rais kushika nyadhifa za fedha na nyumba, kama vile Mwenyekiti wa Benki Kuu, Waziri wa Nyumba, na wajumbe wa bodi inayosimamia vyama vya kuweka na kukopa, kabla hawajathibitishwa. Tatu, kamati zaweza kumwita mtu yeyote kwa hati ya wito, kumwapisha, na kudai madaftari yake. Nne, hupokea taarifa kwa wakati uliowekwa. Sheria ya mwaka 1978 ilimtaka Mwenyekiti wa Benki Kuu afike mbele ya kamati zote mbili mara 2 kila mwaka kueleza hali ya fedha na ajira, na desturi hiyo ingali inafuatwa.

Yafaa kutambua pia lile ambalo kamati haifanyi. Haiweki wala haitoi fedha. Haiamui nani akopeshwe. Haikagui leja za kila benki, kwani kazi hiyo ni ya wakaguzi wa serikali. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakaguzi wanakagua, kwamba sheria zinatosha, na kwamba wenye fedha wanaelezwa ukweli. Kwa ufupi, silaha yake ni swali.

Swali lilipofanya kazi

Kati ya mwaka 1930 na 1933 mabenki yapatayo 9,000 yalifungwa Marekani, na watu wengi walipoteza akiba za maisha. Mwaka 1932 kamati ya Seneti ilianza kuchunguza mwenendo wa masoko ya hisa, lakini uchunguzi ulisuasua. Mwezi Januari 1933 ndipo alipoajiriwa wakili aitwaye Ferdinand Pecora, aliyezaliwa Sicily na kuletwa Marekani angali mtoto. Mshahara wake ulikuwa dola 255 kwa mwezi. Mbele yake waliitwa matajiri wakubwa wa mji wa New York.

Pecora hakuwatukana wala hakuwahutubia. Alisoma madaftari yao kwanza, kisha akawauliza yaliyoandikwa humo. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba benki moja kubwa iliwauzia wateja wake dhamana ambazo yenyewe ilijua ubovu wake. Mkuu wa benki hiyo, Charles Mitchell, alijiuzulu siku chache tu baada ya kuhojiwa. Ilijulikana pia kwamba J. P. Morgan na washirika wake hawakulipa kodi ya mapato kwa mwaka 1931 na 1932. Sheria ya wakati huo iliwaruhusu, na hilo ndilo lililowashangaza wananchi zaidi.

Matunda yake yalifuata upesi. Sheria ya mwaka 1933 ilitenganisha kazi ya kupokea amana na biashara ya kuuza hisa, na ikaanzisha bima ya amana. Bima hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1934 kwa kumlinda mwenye akiba hadi dola 2,500. Tangu mwaka 2008 kiwango ni dola 250,000. Mwezi Juni 1934 ilipitishwa sheria ya taifa ya vyama vya kuweka na kukopa. Vyama hivyo navyo vilipata mfuko wao wa bima mwaka 1970.

Mfano wa pili ni wa nyumba. Kwa miaka mingi mabenki mengi ya Marekani yalikuwa yakipokea amana kutoka mitaa ya watu weusi na ya maskini, lakini yakikataa kuwakopesha wakazi wa mitaa hiyo hiyo fedha za kununua au kutengeneza nyumba. Mitaa iliyonyimwa ilipigwa mstari mwekundu katika ramani. Seneta William Proxmire wa jimbo la Wisconsin, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti kuanzia mwaka 1975, alisimamia sheria mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1975, haikuamuru mtu yeyote akopeshwe. Iliamuru tu kwamba benki iandike na kutangaza mikopo yake ya nyumba imekwenda mitaa gani. Ya pili, ya mwaka 1977, iliwataka wakaguzi wapime kama benki inakidhi haja za mikopo za watu wa mahali inapokusanya amana. Sheria ya pili ilihitaji ya kwanza, kwa maana dhuluma isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.

Mlinzi aliposinzia

Sasa upande wa aibu. Katika miaka ya 1980 mashirika ya akiba na mikopo ya nyumba yalilegezewa masharti, na mengi yakaingiza amana za watu katika biashara za kubahatisha. Moja lilikuwa Lincoln Savings la California, chini ya Charles Keating. Mwezi Aprili 1987 maseneta watano walikutana na wakuu wa wakaguzi kuuliza kwa nini shirika hilo linabanwa. Keating alikuwa amewachangia maseneta hao, pamoja na shughuli walizoziunga mkono, kiasi cha dola milioni 1.3. Wawili kati yao, Alan Cranston na Donald Riegle, walikuwa wajumbe wa kamati ya mabenki yenyewe.

Wakaguzi wa San Francisco walishauri mwaka 1987 kwamba shirika lishikwe. Halikushikwa hadi Aprili 1989. Katika muda huo matawi yake yaliendelea kuwauzia wateja, wengi wao wazee, hati za mkopo za kampuni mama ambazo hazikuwa na bima yoyote. Watu zaidi ya 20,000 walikuwa na hati hizo kampuni ilipofilisika. Walidhani wameweka akiba, kumbe walikuwa wamemkopesha Keating.

Ni kamati nyingine, ile ya Baraza la Wawakilishi chini ya Henry Gonzalez wa Texas, iliyolifungua jambo hilo hadharani mwishoni mwa mwaka 1989. Iliwaita wakaguzi waliopuuzwa na kuwasikiliza. Mkuu wa usimamizi wa mashirika hayo alijiuzulu mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 1991 Kamati ya Maadili ya Seneti ilimkemea Cranston, na ikawalaumu wenzake kwa viwango mbalimbali.

Hapa pana jambo la kupima. Sheria zilikuwapo, wakaguzi walikuwapo, taarifa iliandikwa. Kilichoharibika ni kwamba mwulizaji alielekeza swali mahali pasipostahili: badala ya kumwuliza mwenye shirika fedha za watu ziko wapi, alimwuliza mkaguzi kwa nini anakagua. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika kisa hiki waliolia ni wazee ambao hawakumchelea mtu. Na ni vema ikumbukwe kwamba Proxmire, katika chaguzi zake za mwaka 1976 na 1982, hakupokea michango na alitumia chini ya dola 200 kila mara. Hakuwa na deni kwa wale aliotakiwa kuwauliza.

Kamati na wanaushirika

Kamati hizi zimekwisha gusa ushirika moja kwa moja. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Benki ya Taifa ya Ushirika, ambayo tangu mwaka 1981 imekuwa mali ya wanachama wake na imekopesha vyama vingi vya nyumba. Kisha, mwezi Februari 1998, kufuatia mashtaka yaliyofunguliwa na mabenki, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba chama kimoja cha kuweka na kukopa hakiruhusiwi kuunganisha wafanyakazi wa sehemu mbalimbali zisizo na kifungo kimoja. Vyama vilipeleka hoja zao bungeni. Mwezi Agosti mwaka huo huo sheria mpya ilitiwa sahihi ikiruhusu makundi mbalimbali katika chama kimoja. Haikuwa ya bure: mikopo ya biashara kwa wanachama iliwekewa kikomo, kwa jumla asilimia 12.25 ya mali ya chama. Ushirika ulipata ulichokiomba na ukalipa sehemu ya bei. Ndivyo ilivyo katika meza ya Bunge. Asiyefika hapati hata nafasi ya kupatana.

Yanayohusu kamati za vyama

Sheria ile ya vyama vya kuweka na kukopa ya Marekani inataka kila chama kiwe na kamati ya usimamizi ya watu 3 hadi 5. Kamati hiyo hulinganisha madaftari ya wanachama na hesabu za mtunza hazina angalau mara 1 katika miaka 2. Wajumbe wake wakikubaliana wote, wanaweza kumsimamisha kiongozi yeyote wa chama, na mkutano wa wanachama huitwa kati ya siku ya 7 na ya 14 ili uamue. Kwa hiyo kamati ndogo kabisa ya chama ina kazi ile ile ya kamati ya Seneti. Fedha ni chache zaidi, lakini mwenye fedha hizo hana nyingine.

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yafaa yashikwe na kila kamati ya usimamizi.

Kwanza, daftari lisomwe kabla ya mkutano. Pecora alishinda kwa sababu alijua jibu kabla ya kuuliza. Mjumbe anayefungua mizania kwa mara ya kwanza mkutanoni atajibiwa kwa maneno, naye atatosheka.

Pili, yaandikwe yale ambayo hayapendezi kuandikwa: nani amekopeshwa, kutoka tawi gani au kijiji gani, na nani amenyimwa. Upendeleo hujificha mahali pasipo na orodha.

Tatu, mjumbe wa kamati asiwe na deni la fadhila kwa meneja wala kwa mwenyekiti. Mkopo uliopitishwa nje ya zamu, au usafiri uliolipiwa na mtu, huonekana mdogo siku unapotolewa. Ukubwa wake huonekana siku ya kuuliza.

Nne, mkaguzi akileta habari mbaya, asikilizwe yeye kwanza. Miaka miwili aliyopewa Keating ilitosha kabisa kuwamaliza wateja wake.

Ndugu Wajumbe, mkutano mkuu wa mwaka unapokaribia, kila kamati ichukue vitabu kumi vya wanachama, bila kuwachagua wenyewe, ivilinganishe na leja ya chama. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Vikilingana, wanachama waambiwe. Visipolingana, wanachama waambiwe.