Avokado kwenye Sahani ya Daku



Ndugu zangu, dada zangu, na wazazi mliokuja na watoto, tunamshukuru Allah (S.W.) kwa kutufikisha tena Ramadhani. Nimeombwa nizungumze kuhusu chakula na afya, na sitawapeleka mbali. Tokeni hapa mtazame mikokoteni ya Gikomba, mtaikuta mada yangu imepangwa mafungu mafungu: avokado. Vitabuni wanaliita parachichi, na Pwani utasikia pea. Tunda ni lile lile.

Tuseme ukweli. Adhana ya Magharibi ikilia tunajaza sahani sambusa, bhajia na viazi karai, na juisi ya sukari juu yake. Halafu daku ni chai na mkate mweupe, na wengine hawaamki kabisa. Ikifika saa nane mchana, kijana anayebeba mabelo ya mitumba miguu inamtetemeka, naye anasema saumu ya mwaka huu ni ngumu. Jamani, mkate mweupe na chai huisha tumboni upesi!

Sasa sikilizeni hesabu. Gramu 100 za avokado zina kalori kama 160, mafuta gramu 15, nyuzinyuzi karibu gramu 7, na potasiamu miligramu 485. Ndizi mbivu ya uzito huo ina potasiamu 358. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina iliyomo katika zeituni, si kama yale ya kukaangia yaliyorudiwa mara tano. Mafuta na nyuzinyuzi hufanya chakula kitoke tumboni polepole, kwa hiyo njaa huchelewa. Anayesumbuliwa na choo kigumu Ramadhani atapata nafuu, mradi anywe maji ya kutosha usiku. Na ukila ugali kwa sukuma au karoti, vipande vya avokado pembeni huusaidia mwili kuchukua vile viini vya mboga ambavyo hugeuzwa kuwa vitamini A. Mama zetu wanaotia avokado kwenye githeri hawakuhitaji mtaalamu kuwafundisha.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ile ya kijani yenye ganda laini, Fuerte, ilitoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911. Baridi kali ya 1913 huko California iliua miche mingi, hii ikasimama, na jina lake maana yake ni imara. Hass, inayogeuka nyeusi ikiiva, ni ya Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California, aliyeisajili mwaka 1935. Leo aina hizo mbili zinajaza mashamba ya Murang'a, na Agosti 2022 Kenya ilipeleka Uchina shehena yake ya kwanza ya avokado mbichi.

Bei nzuri imeleta ubaya wake. Kuna wanaovuna changa, ndiyo maana serikali hufunga uvunaji wa kuuza nje miezi fulani. Tunda changa haliivi. Linanywea na kuwa kama mpira. Mama ametoa shilingi zake za futari, siku ya tatu anatupa. Vijana mnaouza, mkijua mzigo ni mchanga mwambieni mnunuzi, maana kunyamaza hapo ni kumpunja. Na wewe mnunuzi, usibonyeze kumi kwa kidole gumba halafu uchukue moja! Nunua iliyokomaa bado ngumu, ifunge kwa gazeti pamoja na ndizi mbivu, uiache siku mbili tatu.

Nusu yatosha kwa daku. Juisi ya avokado ni tamu, lakini vijiko vinne vya sukari ndani yake vinaharibu kazi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya ile potasiamu.

Nakaribisha maswali kabla hatujatawadha. Wabillahi tawfiq.