Usikivu wa Mashine Penye Makelele
Mhadhara wa Umma, Lilongwe



Elimu ninayoishughulikia ni ya kuzifunza mashine kusikia maneno ya wanadamu penye makelele, na hoja yangu jioni hii ni moja: mashine itakayowasikiliza watu wa Dzaleka sharti ifunzwe kwa sauti zilizonaswa Dzaleka, katika zogo lenyewe.

Dzaleka, iliyo wilayani Dowa kaskazini ya mji huu, ilikuwa gereza zama za utawala wa Rais Banda wa Malawi. Mwaka 1994 ikafanywa makao ya wakimbizi, yakakadiriwa kutosha watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo yamewakusanya zaidi ya 50,000, aghalabu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengi wao husikilizana kwa Kiswahili. Nyumba zimesongamana hata redio ya jirani husikika kama iliyomo ndani, na mvua inapopiga mabati, wawili waliokaa ana kwa ana hawana budi kupaza sauti.

Tutazame maneno mawili, “fika” na “shika”. Kinachoyapambanua ni mvumo mwembamba wa pumzi mwanzoni mwa neno, ambao sehemu yake kubwa imo katika mitetemo ya juu. Na simu ya kawaida huikata mitetemo ipitayo takriban 3,400 kwa sekunde, ilhali mvua ya mabati hutapanya kishindo chake kila mahali, juu na chini. Mwaka 1979 mtafiti Steven Boll alieleza njia ya kuyapima makelele msemaji anaponyamaza, kisha kuyatoa katika sauti anaposema. Njia hiyo ina manufaa pale makelele yanapokuwa ya namna moja; lakini mvua huzidi na kupungua, na mkono unaoyaondoa makelele huondoa na konsonanti pamoja nayo, hata mashine ikabakiwa na sauti tulivu isiyofahamika.

Fauka ya hayo, tabibu Étienne Lombard wa Paris alibainisha mwaka 1911 kwamba mtu aliyezungukwa na makelele hupaza sauti pasi na kukusudia. Na waliomfuata wakaona kuwa irabu nazo hurefuka na kidatu cha sauti hupanda. Basi anayechukua maneno yaliyosomwa chumbani kwa utulivu, akayachanganya na mlio wa mvua, amemfunza mwanafunzi wake kumsikia mtu asiyekuwako duniani, anenaye kwa upole katikati ya tufani.

Tena kuna lahaja. Mtu wa Kivu, huko Kongo, husema “bale batu banakuya”, na aliyezoea usemi wa Unguja humfahamu baada ya kitambo kidogo. Bali mashine iliyolelewa kwa Kiswahili cha vitabuni huihesabu kauli hiyo kuwa kosa, na mwenye kuinena akawa kama hakunena.

Faida ya kazi hii si ya kubuni. Kampala, maabara ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa Pulse Lab ilizifunza mashine kusikiliza matangazo ya redio kwa Kiganda na Kiacholi, ili yale wayasemayo raia juu ya afya na maafa yawafikie wenye kupanga misaada. Nasi tuna redio ya jamii pale Dzaleka, Yetu, na tuna wagonjwa wajao hospitalini wasiojua Kichewa wala Kiingereza.

Lakini sauti humtambulisha mwenyewe, na aliyekimbia nchi yake yamkini ana sababu ya kutotaka kutambulika. Kwa hiyo nausihi umma wa wanachuoni wa Lilongwe kwamba vijana wa Dzaleka wawe ndio wenye kuzinasa na kuziandika sauti za kuifunzia mashine, walipwe ujira wa haki, na kila msemaji aombwe idhini kwa lugha aifahamuyo, akiwa na mamlaka ya kutaka maneno yake yafutwe wakati wowote. Utafiti usiotimiza masharti hayo haustahiki kuanzishwa, hata ungekuwa na mitambo bora kuliko yote.