Bwawa la Tajiri na Roho Zetu



Leo nataka kusema juu ya mabwawa ya udongo yaliyomo katika mashamba ya watu binafsi. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la namna hii lilipasuka huko Solai, Nakuru. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Huko Marekani bwawa hupewa alama mbili. Ya kwanza ni ya hatari: likivunjika, litamdhuru nani huko chini? Ya pili ni ya hali: tuta lenyewe ni zima au bovu? Tusizichanganye. Bwawa la Kaloko, Hawaii, liliandikwa kuwa la hatari ndogo. Tarehe 14 Machi, 2006, lilivunjika likaua watu 7. Tena nyumba zikijengwa chini ya bwawa, alama ya zamani haifai kitu. Yapasa lipimwe upya.

Basi ninyi mnaokaa chini ya tuta, tazameni mambo matatu. Maji yanayovuja yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa. Miti ikiota juu ya tuta, mizizi yake hufungulia maji njia. Mfereji wa kutolea maji ya ziada ukizibwa, maji hupita juu na kulikata tuta.

Mkiona hayo, mwambieni mwakilishi wa chama siku ile ile, naye amwandikie tajiri na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tudai kuonyeshwa karatasi ya upimaji. Maji yakimwagika hayazoleki.