Koo la Mtoto na Moyo wa Mtu Mzima

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo



Ilipotangazwa kwamba Kamati ya Haki na Amani imeandaa mada juu ya kujikinga na maradhi ya moyo, wapo waliouliza maradhi hayo yanahusianaje na haki. Swali hilo ni la halali. Tumezoea kuiona kamati hii ikishughulika na mirathi ya wajane, migogoro ya mashamba, na watu wanaokaa mahabusu bila kesi zao kusikilizwa. Tena tukisikia neno "ugonjwa wa moyo" fikra zetu humwendea mzee mnene mwenye uwezo, ambaye daktari amemkataza nyama ya mafuta na sigara. Mzee huyo yupo, na wenzake wanaongezeka hata vijijini, kwani presha siku hizi haina mjini wala shamba. Kwake maneno ni machache, nanyi mnayafahamu: apimwe presha hata kama haumwi kitu, ameze dawa kila siku wala asiziache kwa kuwa amepata nafuu, chumvi yote anayokula kwa siku isifike kijiko kimoja cha chai, aache tumbaku, autumikishe mwili wake. Sitakaa hapo leo. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mwingine wa moyo, ambao huanza utotoni, na ambao aghalabu huchagua nyumba za maskini.

Ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto wa umri wa kwenda shule, yaani kati ya miaka mitano na kumi na mitano, anashikwa ghafla na maumivu ya koo na homa. Kumeza mate ni taabu. Matezi ya shingo yamevimba na yanauma yakiguswa, na pengine ukimfumbua kinywa unaona usaha juu ya mafindofindo. Kwa kawaida hana mafua wala kikohozi. Baada ya siku chache anapona, hata kama hakupewa dawa yoyote, anarudi uwanjani kucheza, nasi tunamshukuru Mungu na kusahau. Lakini ikiwa maumivu yale yaliletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka, jambo halijakwisha. Mwili wa mtoto ulijenga silaha za kupambana na kijidudu hicho, na kwa baadhi ya watoto silaha hizo hukosea shabaha na kuushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye magoti yanavimba na kuuma. Maumivu yanahama kutoka goti kwenda kifundo cha mguu, kutoka kifundo kwenda kiwiko. Homa inarudi. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Wengine, hasa wasichana, hurusharusha mikono na kukunja uso bila kukusudia, hata kalamu haishikiki. Mwalimu humwadhibu mtoto huyo kwa utundu, na majirani husema amelogwa. Hajalogwa, wala si mtundu. Ni mgonjwa, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu ya viungo hupoa yenyewe bila kuacha kilema. Moyo hauna bahati hiyo. Ndani ya moyo mna milango midogo, ambayo wataalamu huiita vali, inayofunguka na kufunga kila moyo unapopiga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Homa ya baridi yabisi huiunguza milango hiyo na kuiachia makovu. Mtoto akipata maumivu ya koo ya namna ile mara ya pili, na mara ya tatu, homa nayo yaweza kurudi, na kila mara makovu huongezeka, mpaka mlango unakuwa mgumu kufunguka, au unashindwa kufunga. Kazi hii ya uharibifu huendelea kimya kwa miaka. Mgonjwa hajui. Anajua siku atakapopanda kilima akiwa na ndoo ya maji kichwani na kukosa pumzi, au siku atakapoamka usiku akihisi kama anazama.

Hapa niwaombe akina mama wa WAWATA wanisikilize kwa namna ya pekee. Wanawake wengi hugundua ugonjwa huu wanapokuwa wajawazito. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na moyo uliokuwa ukijikongoja unazidiwa na mzigo. Binti anahema, miguu inavimba, hawezi kulala chali. Wakubwa wanamwambia kuwa ndiyo mimba, avumilie. Mimba huchosha, ni kweli. Lakini mjamzito anayekosa pumzi akiwa amelala, au anayekohoa makohozi yenye damu, hastahili kuambiwa avumilie. Apelekwe mahali penye daktari bila kungoja siku ya kliniki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba kila mwaka unaua watu wapatao 360,000, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Je, ni hali ya hewa yetu? Ni damu yetu? Sivyo. Huko Ulaya na Marekani homa ya baridi yabisi iliwahi kujaza wodi za watoto. Ilianza kupungua hata kabla ya dawa ya penisilini kupatikana, watu walipopata nyumba bora na kuacha kulala wengi katika chumba kimoja, kwa maana kijidudu kile huhama kutoka koo hadi koo mahali watu wanapobanana. Penisilini ilikuja kuimaliza kazi ambayo nyumba ziliianza. Na katika nchi tajiri ya Australia, ambako raia wengi hawaufahamu kabisa ugonjwa huu, wenyeji wa asili ya nchi ile wanaugua kwa kiwango kikubwa kuliko karibu watu wote duniani. Nchi moja, serikali moja, lakini mioyo ya namna mbili. Nadhani sasa mnaona kwa nini Kamati ya Haki na Amani inazungumza juu ya koo la mtoto. Papa Yohane wa ishirini na tatu, katika waraka wake "Pacem in Terris" wa mwaka 1963, aliyaweka matibabu katika orodha moja na chakula, mavazi na makazi, kama haki za kila binadamu.

Basi tufanye nini? Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hayahitaji penisilini. Si vema kukimbilia duka la dawa kila mtoto anapokohoa. Lakini mtoto mwenye dalili nilizozitaja apelekwe zahanati siku hizo hizo za mwanzo. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lilipoanza kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Yatosha sindano moja ya penisilini ile ya kudumu, au vidonge kwa siku kumi kamili. Nasema kumi kamili, kwa sababu siku ya tatu mtoto huwa mzima, na vidonge vilivyosalia huwekwa kabatini kumngoja mdogo wake. Mzazi amwambie mganga mapema kama mtoto aliwahi kudhurika na penisilini.

Kuna desturi moja ambayo sina budi kuitaja, ingawa najua itawaudhi baadhi ya wazee wangu. Katika sehemu nyingi mtoto akiugua koo au akikohoa sana hupelekwa kwa fundi akakatwe kimeo. Kukata kimeo hakuui streptokoka. Huleta damu nyingi, na wembe usio safi huleta maradhi mengine; na wakati jeraha linapona, siku tisa zile zimekwisha kupita.

Kwa yule ambaye tayari amepata homa ya baridi yabisi, njia ni nyingine: sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kadiri daktari atakavyopanga. Lengo lake si kuponya makovu yaliyopo bali kuzuia mapya. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, watoto ambao vipimo vilionyesha mwanzo wa ugonjwa, ingawa wao wenyewe hawakuhisi lolote, waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miaka miwili, kati ya watoto 399 waliochomwa sindano kila mwezi, ni watatu tu ambao mioyo yao ilizidi kuharibika. Kati ya 400 wasiochomwa walikuwa 33. Tofauti hiyo imeletwa na dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950.

Linganisheni na njia ya mwisho, ambayo ni upasuaji. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na tunaona fahari, kwani zamani mgonjwa wa namna hii aghalabu alingoja kupelekwa India. Lakini aliyewekewa mlango wa chuma humeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Na ikiwa ni mwanamke, dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hicho si kitu cha kumtakia binti ambaye angeweza kulindwa kwa sindano.

Sindano yenyewe inauma, sitawadanganya. Inauma siku mbili. Zahanati iko mbali, nauli hakuna, na mtoto anajiona mzima. Ndiyo maana wengi huacha mwaka wa kwanza. Wengine huacha baada ya kuombewa. Sisi tunaamini katika sala, na mgonjwa aombewe. Lakini yeyote anayemwambia aache sindano ili aonyeshe imani amebeba dhamana kubwa mbele ya Mungu na mbele ya wazazi wa mtoto. Ambaye moyo wake umeharibika sana afuate ushauri wa daktari wake, maana yupo anayefaa kupewa vidonge badala ya sindano.

Tena hutokea mgonjwa akaenda, na dawa haipo. Penisilini hii imo katika orodha ya dawa muhimu za dunia, lakini faida yake ni ndogo, viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, na kati ya mwaka 2014 na 2016 nchi nyingi ziliikosa. Mwaka 2001 viongozi wa nchi za Afrika waliahidi kule Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwenye afya. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zishughulikie ugonjwa huu. Si uchochezi kwa mwananchi kusimama katika mkutano wa kijiji, au mbele ya diwani wake, na kuuliza penisilini ilikosekana zahanati kwa siku ngapi mwaka huu.

Kabla hatujawauliza wengine, tujiulize wenyewe. Mabweni ya shule za Kanisa yana vitanda vingapi kwa chumba kimoja? Vitanda vimeachana kwa kiasi gani? Nani huangalia koo la mwanafunzi anayelalamika usiku?

Pendekezo la Kamati ni hili. Kila jumuiya imteue mtu mmoja, mwenye siri, atakayewajua watoto na vijana wanaochomwa sindano kila mwezi katika eneo lake, kwa ridhaa ya wazazi wao. Atakuwa na daftari dogo lenye tarehe tu. Majina ya magonjwa hayana haja ya kuandikwa. Siku ikikaribia, apite nyumbani kukumbusha. Kama tatizo ni nauli, sanduku la jumuiya lisaidie kabla ya kununua sare mpya za kwaya. Akikuta dawa imekosekana, aandike tarehe hiyo pia na kuileta kwa Kamati mwisho wa mwezi, nayo Kamati itaipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya ikiwa na sahihi ya Paroko. Madaftari yako pale mezani kwa Katibu, moja kwa kila jumuiya. Sasa nakaribisha maswali.