Madini Makuu katika Lishe ya Ng'ombe: Wa Machungani na wa Zizini, Shinyanga na Geita



Ukiingia duka la pembejeo Kahama, Kishapu au Katoro ukaomba madini ya ng'ombe, utauziwa mfuko au jiwe la kulamba, na mara nyingi hakuna atakayekuuliza ng'ombe wako anakula nini. Mada hii inasema swali hilo ndilo lingetangulia. Ukanda wetu una ng'ombe wa aina mbili wenye upungufu unaopingana. Anayechungwa hupungukiwa fosforasi na chumvi. Anayenenepeshwa kwa mashudu na pumba hupungukiwa kalsiamu, na fosforasi inamzidi. Fosforasi anayoihitaji mmoja ndiyo inayomdhuru mwenzake.

Madini makuu ni saba: kalsiamu, fosforasi, magnesiamu, sodiamu, klorini, potasiamu na salfa. Yanaitwa makuu kwa sababu mnyama huyahitaji kwa gramu nyingi kila siku, tofauti na shaba au iodini. Sitayagawia muda sawa. Potasiamu ni tele katika majani mabichi. Upungufu wa magnesiamu huwapata zaidi ng'ombe wa maziwa mengi kwenye malisho yaliyotiwa mbolea, hali ambayo zebu wetu haifahamu. Salfa inamhusu anayenyunyizia mabua urea: kila gramu 10 za nitrojeni zipate takriban gramu 1 ya salfa, la sivyo vijidudu vya tumboni havitaitumia urea ile vizuri.

Twende kwenye fosforasi. Asilimia kama 80 ya fosforasi ya mwilini imo kwenye mifupa na meno, lakini hiyo iliyobaki ndiyo inayoendesha matumizi ya nguvu katika kila seli. Ikipungua, mnyama hupoteza hamu ya kula, mtamba huchelewa kupata joto, ndama hudumaa. Wasukuma wana majina ya udongo yanayotusaidia hapa hata bila maabara: luseni, ule wa kichanga unaotokana na mawe ya matale; ibushi, wenye chokaa; na mbuga, mweusi unaopasuka kiangazi. Kundi linaloshinda kwenye luseni, udongo maskini wa fosforasi, ndilo la kulitilia shaka kwanza.

Dalili inayojulikana ni ng'ombe kutafuna mifupa. Wapo wanaoiona kama kituko cha mnyama mmoja mtundu. Huko Armoedsvlakte, Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake walionyesha, karne moja iliyopita, kwamba ng'ombe waliokuwa wakipooza na kufa walikuwa wamekula mizoga na mifupa yenye sumu ya botulini, na kilichowasukuma kuila ni upungufu wa fosforasi kwenye malisho. Walipopewa unga wa mifupa, tamaa ile ilipungua. Kwa hiyo mfugaji anayeona mifupa ikitafunwa azike mizoga mapema, kisha atafute fosforasi.

Aitoe lini? Wengi hununua madini kiangazi, wanapoona mbavu. Nadhani hapo fedha nyingi hupotea. Kiangazi kikali, kinachokosekana kwanza ni protini: majani yamekauka, mnyama hakui, na fosforasi peke yake haitamnenepesha. Kiangazi ni msimu wa ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa, ambazo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulihimiza kurejeshwa kuanzia 1986, na wa majani na maganda ya miti jamii ya mikunde iliyomo humo. Fosforasi hulipa zaidi masika, nyasi zikiwa mbichi, ndama wakikua na majike wakinyonyesha. Lita 1 ya maziwa hutoka na gramu kama 1.2 za kalsiamu na karibu gramu 1 ya fosforasi.

Chumvi, yaani sodiamu na klorini, ina historia yake Usukumani. Vijana walikuwa wakifunga safari kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuifuata, njia ya hatari. Leo inapatikana kwa bei ndogo, na bado ng'ombe wengi hulamba kuta, mikojo na udongo. Kwa Geita na Kahama, kwenye uchimbaji wa dhahabu, tabia hiyo si ya kupuuza. Udongo unaolambwa unaweza kuwa wa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, penye makarasha ya kusagia mawe na marudio (mabaki ya mchanga uliooshwa) yenye zebaki, au kando ya mabwawa ya sianidi. Uzio ndio kinga ya kwanza, lakini ng'ombe aliyeshiba chumvi nyumbani hana sababu kubwa ya kwenda kulamba huko. Na jiwe jekundu la kulamba lisimhadae mnunuzi: mara nyingi wekundu huo ni wa chuma, na sehemu kubwa ya jiwe ni chumvi tu. Fosforasi humo huenda isiwemo, asome lebo.

Sasa zizini. Chukua dume anayepewa kilo 2 za mashudu ya pamba na kilo 2 za pumba za mahindi kwa siku. Humo atapata fosforasi zaidi ya gramu 30, na kalsiamu kama gramu 5. Mwili unataka kalsiamu isipungue fosforasi, na ikiwezekana ifike mara mbili yake. Uwiano ukigeuka hivi kwa wiki nyingi, vijiwe hujijenga kwenye njia ya mkojo, hasa kwa maksai na mabeberu waliohasiwa, ambao njia yao ni nyembamba. Mnyama hujikamua, mkojo hautoki, na mara nyingi huishia kuchinjwa kabla ya siku ya mnada. Kumwongezea huyu unga wa mifupa au DCP (dikalsiamu fosfeti) ni kumzidishia fosforasi. Anachotaka ni kilo 2 za chokaa ya mifugo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa na si ile iliyochomwa ya kupaka ukuta, katika kila kilo 100 za mchanganyiko, pamoja na kilo 1 ya chumvi, na maji yasiyokatika ili akojoe sana.

Wa machungani ndiye mwenye haki ya DCP: gramu 50 humpa karibu gramu 9 za fosforasi, zikichanganywa na chumvi ili azilambe. Mifupa mibichi iliyosagwa asipewe, kwa sababu ya magonjwa. Iliyochomwa hadi ikawa nyeupe inafaa. Nimesikia pia pendekezo la kulisha unga wa fosfeti wa Minjingu, kwa kuwa ni wa nchini na bei yake ni nafuu. Ule ni mbolea. Una floridi nyingi isiyoondolewa, nayo huharibu meno na mifupa ya ng'ombe, na baadhi ya visima vya Shinyanga tayari vina floridi ya kutosha kutuletea tatizo hilo bila kuongezewa.