Kuasili Mtoto Si Kumchukua Mtoto

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Moshi mbele ya walimu na watumishi wa serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya mambo yanayompasa kuyajua mtu wa nchi nyingine, au ndugu yetu aliyeko ng'ambo, anayetaka kumwasili mtoto wa Kitanzania. Nimekubali kwa furaha. Lakini nitazungumza zaidi na ninyi mlioko humu kuliko na mgeni huyo, kwa kuwa kabla jambo hili halijafika mbele ya jaji wa Mahakama Kuu hapa Moshi, huwa limekwisha kupita mikononi mwenu. Mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa mtoto huyu ni wa nani na analala kwa nani. Mtendaji wa kijiji ndiye anayeandika barua kwamba wazazi hawajulikani. Jaji hakai Kibosho wala Mwika. Yeye husoma yaliyoandikwa na kugongwa muhuri. Barua ya kwanza ikiwa ya uongo, hata kama uongo huo umetokana na huruma tu, kila karatasi inayofuata itakuwa imesimama juu ya uongo huo.

Tuanze na neno lenyewe, yatima. Katika hesabu za Umoja wa Mataifa, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu huhesabiwa kuwa yatima. Waislamu humwita yatima mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika vijiji vyetu, kuanzia Siha mpaka Rombo, mtoto aliyefiwa na baba hawi mtoto asiye na watu: ana ukoo, ana baba wadogo na shangazi, ana bibi, na kipo kihamba ambacho jina la babu yake linatajwa humo. Sasa mgeni anaposikia neno yatima, akilini mwake huona mtoto aliyebaki peke yake duniani. Pale pale safari mbaya huanza, na wala hakuna aliyekusudia kudanganya.

Wengi wa watoto waliomo katika makao ya kulelea wana mzazi aliye hai, au jamaa wa karibu. Mama amefariki akijifungua na nyumbani hapana maziwa. Au baba anaugua. Au bibi ameshindwa na ada na chakula. Bibi aliyempeleka mjukuu wake mchanga makaoni kwa sababu ya maziwa hakumtoa mjukuu huyo. Alimweka, kama mtu anavyoweka kitu cha thamani kwa jirani mwaminifu, na anatumaini kumfuata atakapoweza kula ndizi na uji.

Hapa yafaa nitofautishe mambo mawili ambayo lugha yetu ya kila siku huyachanganya. Sisi tumezoea kulea watoto wa ndugu. Mtoto wa Marangu hupelekwa kwa mjomba wake Dodoma akasome, akaitwa mtoto wa nyumba ile, akafunga shule na kurudi mlimani Desemba pamoja na wengine wote. Hiyo ni malezi. Kuasili ni jambo jingine kabisa. Kwa amri ya mahakama, haki na wajibu wote wa wazazi waliomzaa hukoma, na mtoto huwa mtoto wa wazazi wapya kana kwamba wao ndio waliomzaa. Hapana kufunga shule na kurudi. Mzazi anayetia dole gumba bila kuelezwa hayo, kwa lugha anayoielewa, na kwa utaratibu, hakuridhia. Katika Ethiopia na Uganda wamepatikana wazazi waliodhani kwamba wanawapeleka watoto wao kusoma ng'ambo, na kwamba watarudi wakiwa watu wazima wenye vyeo. Hawakurudi.

Sheria yetu ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. (Ninasema juu ya Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2011.) Sheria hiyo haimkatazi mgeni, ila imemwekea milango kadhaa, na kila mlango una sababu yake. Mlango wa kwanza, ambao watu huupita mbio bila kuutazama, ni huu: mgeni aweza kumwasili mtoto wa Kitanzania iwapo tu mtoto huyo hakuweza kupata familia ya kumlea au kumwasili, wala namna nyingine ya kufaa ya kutunzwa. Kwa maneno mengine, sheria imetutaja sisi kabla ya kumtaja mgeni. Kisha yampasa awe ameishi nchini kwa miaka 3 mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingineko. Awe na barua ya mamlaka ya ustawi wa jamii ya kwao inayosema kwamba anafaa, na aihakikishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa.

Basi mtalii aliyepanda mlima kwa siku sita, akabakiwa na siku mbili, akapelekwa kuona watoto, akalia, akatangaza kwamba anamtaka mmoja wao, huyo hana njia. Simdharau. Machozi yake huenda ni ya kweli kabisa. Lakini mapenzi ya siku mbili hayawezi kuwa msingi wa maisha ya miaka sabini ya mtu mwingine, na mwenye makao anayempa mtu kama huyo matumaini anafanya kosa kubwa. Wanaoweza kutimiza masharti aghalabu ni waganga, walimu, wamisionari na wataalamu waliokaa hapa, ambao wamejifunza Kiswahili na wanajua kwamba mvua za masika huharibu barabara ya Machame. Hata wao hawana budi kuanza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Hawaanzi kwa wakili, wala hawaanzi kwa padri. Tena waelezwe mapema kwamba malezi ya kambo, kabla ya amri ya mahakama, si ruhusa ya kumsafirisha mtoto nje ya nchi.

Masharti mengine yanawahusu waombaji wote. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, ingawa kwa jamaa wa mtoto sheria imelegeza kidogo. Mtoto aliyetimiza miaka 14 haasiliwi bila ridhaa yake mwenyewe; na aliye mdogo kuliko hapo, akiwa anaweza kutoa maoni, asikilizwe. Mwalimu anayemjua mtoto darasani aweza kuwa shahidi bora kuliko wengi katika jambo hilo.

Nakuja sasa kwa ndugu zetu walioko ng'ambo, maana hawa ndio wanaopata mshtuko mkubwa zaidi. Mtu wa kwetu ameishi Marekani miaka ishirini, amebarikiwa mali lakini hakujaliwa mtoto. Nyumbani Old Moshi ndugu yake ana watoto saba. Wazee wanakaa, mbege inanywewa, wanakubaliana kwamba mtoto wa nne aende kwa baba yake mkubwa. Kwa desturi yetu hapana lililo la busara zaidi. Lakini kama ndugu huyo alikwisha kuchukua uraia wa Marekani, amepoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mbele ya mahakama yeye ni mgeni, na masharti ya mgeni ndiyo yatakayomkabili. Na hata akipata amri hapa, bado ipo sheria ya uhamiaji ya kule. Marekani, kwa njia yake ya kawaida kwa nchi zisizo katika Mkataba wa Hague, humtaka mtoto awe yatima kwa tafsiri yao wenyewe: wazazi wote wawili wawe wamekufa, au wametoweka, au wamemtelekeza, au abaki mzazi mmoja tu asiyeweza kumtunza, aliyemwachia kabisa kwa maandishi. Mtoto mwenye baba na mama wanaolima kahawa hapa hawezi kuwa yatima kwa tafsiri hiyo, hata wazee wa ukoo wote wakitia sahihi. Iko njia nyingine, inayotaka mzazi aliyemwasili awe ameishi na mtoto na kuwa na malezi yake kisheria kwa miaka 2. Lakini ni nani anayeweza kuiacha kazi yake kule kwa miaka hiyo?

Hapo ndipo majaribu hutokea. Mtu humfuata mtendaji na kusema: andika tu kwamba wazazi walifariki. Hamna mtu atakayeumia. Ndugu zangu, atakayeumia yupo. Ni yule mtoto, ambaye siku moja atafungua jalada lake na kukuta kwamba serikali ya nchi yake ilimwua mama yake kwa kalamu.

Jambo hili si geni katika pande hizi. Mwaka 1942 Waingereza waliweka kambi Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwa ajili ya wakimbizi wa Poland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati, kisha wakatoka kupitia Uajemi. Walikuwa wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yangali pale. Vita vilipokwisha likabaki suala la watoto wasio na wazazi. Mwaka 1949 baadhi yao walisafirishwa kupitia Italia mpaka Kanada, kwa udhamini wa Kanisa Katoliki la Montreal. Serikali ya Poland ikapiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Waliowasafirisha wakajibu kwamba wamewaokoa. Kila upande ulidai kusema kwa niaba ya watoto, na kila upande ulikuwa na siasa zake. Nayataja hayo ili tusidhani kwamba ugomvi juu ya mtoto anayevuka bahari huwahusu Waafrika na Wazungu peke yao. Nchi yoyote iliyodhoofika, hata ya Ulaya, yaweza kuona watoto wake wakijadiliwa na wengine.

Mwaka 2007 huko Chad, kikundi cha Wafaransa kilikamatwa kikitaka kuwapeleka Ufaransa watoto 103, kikidai kuwa ni yatima wa Darfur. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa watoto wa vijiji vya Chad kwenyewe, wenye mzazi aliye hai. Wazazi walikuwa wameahidiwa shule. Uganda nako, watu walitumia amri za ulezi, ambazo ni nyepesi kuliko za kuasili, kuwatoa watoto nchini, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Mwezi Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa tuhuma za rushwa katika mpango wa kuasilisha watoto. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni mwaka 2014. Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018. Fedha ndiyo iliyoharibu. Pale ambapo mgeni yu tayari kulipa maelfu ya dola, na kijijini watu hawana mia, mtu wa katikati hazaliwi, hujitokeza mwenyewe.

Sheria yetu inakataza malipo katika jambo hili. Mjue kwamba malipo huja yamevaa nguo nyingi: msaada wa bati kwa makao, ada ya kaka wa mtoto, ng'ombe wa maziwa kwa bibi, bahasha ya nauli kwa ofisa. Mgeni mwema aweza kutoa vitu hivyo kwa moyo safi. Mwambieni kwa upole avitoe mahali pengine, au baada ya miaka, la sivyo atajikuta hawezi kujibu mtoto atakapomwuliza, je, mlininunua?

Lakini sitakuwa mkweli nikiwalaumu wageni na mawakala tu. Niliwaambieni kwamba sheria imetutaja sisi kwanza. Mbona hatuitiki? Wapo watu na wake zao hapa Moshi, watumishi wenye mshahara na nyumba, wasio na watoto, ambao wanazunguka kwa waganga miaka kumi na tano kuliko kumwasili mtoto mmoja wa makaoni. Wanaogopa maneno ya ukoo. Wanaulizwa: damu hiyo ni ya nani, na kihamba atapewa nani? Najua uzito wa swali hilo. Kihamba ni makaburi ya wazee, si shamba tu. Hata hivyo sheria inasema mtoto aliyeasiliwa ana haki ya kurithi kama aliyezaliwa, na mwenye mashaka na ndugu zake aandike wosia mapema badala ya kuwaachia ugomvi walio hai. Muislamu ambaye dini yake haimruhusu kubadili nasaba ya mtoto anayo njia ya kumlea kwa jina la baba yake mzazi, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalitaja pia lezi hilo liitwalo kafala.

Nimebakiwa na jambo la majalada. Amri ikitolewa, msajili huandika mtoto katika daftari la walioasiliwa, na hati mpya hutolewa. Mwalimu atabadilisha jina katika rejista ya shule, na hatalifanya hilo kuwa hadithi ya chumba cha walimu. Wazazi wapya wanao wajibu wa kumwambia mtoto ukweli wa asili yake kwa kadiri umri na ustawi wake unavyoruhusu, lakini hawawezi kumwambia wasiyoyajua. Kwa hiyo naomba, kabla mtoto hajaondoka, mwalimu aliyemfundisha aandike kurasa mbili: kijiji, kitongoji, ukoo wa baba na wa mama, jina alilopewa na bibi na maana yake, nani alimbeba alipokuwa mchanga, alipenda nini, na ni nani waliosimama barabarani siku alipochukuliwa. Nakala moja wapewe wazazi. Nyingine iwekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, katika jalada lisilotupwa ofisi inapohama.