Jenereta itaondoka, nguzo itabaki
*Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Munigi, Teritwari ya Nyiragongo, Septemba 2024*



Mnaona leo hakuna kipaza sauti. Mara ya mwisho tulikodi jenereta ndogo, na mama wa butike hapa jirani alilalamika juu ya moshi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na haki. Mtu hawezi kuja kusema juu ya umeme safi huku anachoma esanse pembeni ya watoto wa wengine. Kwa hiyo leo nitatumia koo langu, na nyinyi mlio nyuma, sogeeni.

Nianze na usiku mmoja. Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kwenda kujifungua. Kituo sitakitaja, maana waganga wa pale walifanya yote waliyoweza. Saa nane ya usiku betri ya kituo iliisha. Mtoto alizaliwa kwa mwangaza wa simu mbili: yangu, na ya mama mmoja aliyekuwa anangojea zamu yake. Simu yangu ilikuwa imebakia na asilimia 11. Nakumbuka hiyo namba kwa sababu nilikuwa naiangalia kuliko kitu kingine chochote.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ua wa shirika moja. Ukuta mrefu, seng'enge juu, na taa zote zinawaka, hata taa ya pale wanapooshea magari. Saa nane ya usiku hakuna gari lililokuwa linaoshwa. Jenereta ililia mpaka asubuhi.

Mtoto yuko salama, Mungu asifiwe. Sikuja hapa kushitaki lile shirika. Lilinunua mazutu yake kwa franka zake. Nimekuja na swali moja tu: hawa wenye uwezo wa kulipia umeme kila mwezi, wakibadilisha umeme wao, siye wa nje ya ukuta tunapata nini?

Hii mambo ya kubadilisha si ndoto. Duniani kuna mashirika na makampuni yanayohamia umeme safi bila sheria kuyalazimisha. Nikisema umeme safi, nataka kusema ule wa maji, wa jua, wa upepo. Mwaka 2014 ulianzishwa muungano unaoitwa RE100. Makampuni makubwa yanaingia na kuahidi kwamba umeme wao wote, asilimia 100, utatoka huko. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2019, ulijiwekea mpango: kufikia mwaka 2030, asilimia 80 ya umeme wa sekretarieti yake, pamoja na kambi za walinda amani, utoke kwenye vyanzo safi. Hakuna aliyewashika shati. Waliahidi wenyewe. Na mtu akiahidi mwenyewe, jirani yake ana haki ya kumkumbusha.

Sasa mtu ataniuliza: ndugu, huo umeme safi hapa kwetu uko wapi?

Uko. Mwezi wa sita 2014 nchi yetu ilipata sheria mpya ya umeme, na tangu hapo SNEL si peke yake tena yenye haki ya kuzalisha na kuuza. Mwisho wa mwaka 2015, Matebe, kule Rutshuru, kilizinduliwa kiwanda cha umeme wa maji chenye megawati zaidi ya 13, kazi ya watu wa Hifadhi ya Virunga. Ule umeme unashuka kutoka Rutshuru, unapita Teritwari yetu ya Nyiragongo, unaingia Goma. Na mwaka 2020, Ndosho, upande wa magharibi wa mji, kampuni ya Nuru iliwasha kituo cha jua cha megawati 1.3. Wakati ule ilikuwa moja ya mitandao midogo ya jua mikubwa zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Pale Ndosho, wandugu, si Ulaya.

Lakini katika nchi yetu nzima, takriban mtu 1 tu kati ya 5 ana umeme nyumbani. Tuko na mto Kongo, tuko na Inga, tuko na jua mwaka mzima. Cobalt ya Kolwezi inaingia kwenye betri za magari ya wengine. Na mwana wa Munigi anazaliwa kwa tochi ya simu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa njo penye somo.

Kile kituo cha Ndosho kilifanya kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Kila megawati-saa moja ya umeme safi inayozalishwa, yaani uniti 1,000 kwenye mita, inaweza kuandikiwa cheti. Cheti kinasema: umeme huu ulizalishwa kweli, mahali fulani, siku fulani, kwa jua. Umeme wenyewe unabaki Goma, unawasha taa za Goma. Cheti kinauzwa mbali, kwa kampuni iliyoahidi kutumia umeme safi na inayotaka kuonyesha kwamba imelipia. Kwa nchi zilizoumizwa na vita kulitengenezwa cheti cha aina ya pekee, kinaitwa P-REC, cha umeme safi unaojenga amani. Mwaka 2020, vyeti vya kwanza kabisa vya namna hiyo vilitoka Goma, Ndosho, na mnunuzi alikuwa Microsoft, ile kampuni ya kompyuta ya Marekani. Feza za vyeti zilisaidia kuweka taa za barabarani Ndosho.

Taa za barabarani! Nyinyi wa Munigi mnajua maana yake. Mnajua saa gani mama anayeuza samaki anakunja meza yake. Mnajua ni kona gani mumotari anakataa kupita baada ya saa moja ya jioni, hata umwongeze bei. Taa haimfukuzi kila mwizi, na haisimamishi vita. Lakini inampa mama saa mbili zaidi za kuuza, na inampa binti njia ya kurudi nyumbani akiwa anaona nani yuko mbele yake.

Kuna wandugu kati yetu wanaosema hivyo vyeti ni ujanja: tajiri ananunua karatasi, anaendelea kama kawaida, halafu anajisifu. Mimi sisemi wamekosea kabisa. Kampuni ikinunua karatasi ya kituo ambacho kingejengwa tu, kwake au kwetu, hakuna kilichobadilika isipokuwa ripoti yake. Kwa hiyo kila tukisikia shirika limehamia umeme safi, tuulize: feza yako imeongeza nini ambacho hakikuwepo? Ndosho jibu linaonekana usiku kwa macho. Mahali ambapo jibu halionekani, tuendelee kuuliza.

Ila mimi nataka turudi karibu zaidi ya Marekani. Turudi kwenye ule ukuta mrefu.

Goma na pembezoni zake zimejaa mashirika, mabanki, mahoteli, maofisi, makanisa makubwa, mashule, mahospitali. Wengi wana jenereta. Mazutu yake inafika hapa kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, ikivuka mipaka, na kila mpaka unaongeza bei. Lita moja inatoa kama uniti 3 hivi za umeme, jenereta ikifanya kazi vizuri. Ikiachwa inawasha taa chache usiku kucha, inakula zaidi na kutoa kidogo. Na kila lita inatupa hewani zaidi ya kilo 2 za kaboni, pamoja na ule moshi mweusi unaoingia moja kwa moja kwenye dirisha la jirani.

Sasa angalieni hesabu ya yule anayetaka kuvuta laini mpaka kartiye yetu. Nguzo ni ghali. Waya ni ghali. Kuchimba shimo kwenye mawe haya ya volkano, mnajua wenyewe, unavunja piki tatu kwa siku moja. Kampuni inauliza: nikifika kule, nani atalipa kila mwezi bila kukosa? Nyumba ya mtu inayowasha balbu mbili na kushariji simu haitoshi kulipia laini. Lakini kukiwa na hospitali moja, shule mbili, shirika moja na kinu cha unga, wote wamesaini kwamba watanunua kwa miaka mitano, laini inapata miguu. Na ikishafika kwao, imeshapita mbele ya mlango wako.

Njo maana nasema: uamuzi wa shirika moja kuzima jenereta si mambo ya ndani ya ukuta wake. Unaweza kuwa ndio unaoamua kama kartiye nzima itapata umeme au itangoja miaka kumi mingine. Na shirika linaweza pia kuchagua njia ya pili: kufunika paa lake kwa paneli za jua, kufunga mageti, na kuandika kwenye ripoti kwamba limekuwa safi. Ni safi kweli. Moshi umeisha, aksanti. Lakini nje kumebaki giza lile lile.

Fikirieni pia siku ya kuondoka. Mwaka huu tumeona MONUSCO ikifunga kambi zake za Kivu Kusini. Mashirika mengine nayo yanakuja na yanaenda, kulingana na feza na vita. Jenereta inapakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo. Nguzo haipakiwi. Mtu aliyekaa kwetu miaka ishirini akichoma mazutu ametuachia shimo la mafuta. Aliyenunua umeme wa mtandao kwa miaka mitano tu ametuachia laini.

Najua watanijibu: umeme wa mtandao unakatika. Kweli, unakatika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikakata barabara ya Rutshuru na laini ya umeme pamoja nayo. Wengi mlio hapa mlikimbia usiku ule mkibeba wadogo zenu. Na vita ya leo iko kati yetu na Rutshuru. Siwezi kumwambia daktari wa upasuaji atupe jenereta yake. Aiweke, lakini iwe ya dharura. Kutumia jenereta siku umeme umekatika ni busara. Kuitumia kila siku wakati laini inapita juu ya kichwa chako ni mazoea. Na vita yenyewe inatufundisha tusitegemee waya mmoja mrefu. Tunataka maji ya Rutshuru, na tunataka vituo vya jua hapa hapa kwenye kartiye, vyenye betri.

Basi tunaomba nini? Mambo matatu, na kila moja linaweza kuanza wiki ijayo.

La kwanza: kila shirika, banki, hoteli na kanisa lenye jenereta hapa Munigi na Goma liweke wazi linachoma lita ngapi kwa mwezi. Si siri ya kijeshi. Tutabisha hodi kwa heshima, tukiwa na barua na jina la aliyeipokea.

La pili: wanaotaka kuhamia umeme safi wasihamie mmoja mmoja gizani. Wakae pamoja, pamoja na chefu wa grupma na nyumbakumi, wajumlishe mahitaji yao, waende kwa makampuni ya umeme na hesabu moja. Na ndani ya mkataba waandike kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na taa za barabara inayopita mbele yao.

La tatu: anayenunua au kuuza vyeti kutoka Kivu aje aseme mbele ya wakaaji feza imefanya nini. Mezani, kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa.

Na siye? Siye nasi tuko na deni. Ni nani hapa hajui nyumba iliyojiunganisha usiku kwa waya wa kuiba? Ule waya unachoma nyumba, na unampa mwenye kampuni sababu nzuri ya kutorudi. Waya wa shaba unaouzwa kwa kilo, anayeukata ni kijana kama wewe na mimi. Hatuwezi kudai nguzo asubuhi na kuivua nguo usiku. Kuanzia leo, harakati yetu haitakodi jenereta tena kwa mikutano. Tukipata betri ya jua, vizuri. Tukikosa, mnasikia, koo lipo.

Yule mtoto wa dada yangu ameanza kutembea. Jioni akisikia jenereta inawashwa, anaonyesha kidole upande wa taa. Anafikiri taa ni sauti. Kwake, mwangaza ni kitu kinacholia upande wa pili wa ukuta.

Nataka akue ajue kwamba taa ni kitu kimya, na kwamba iko upande wake pia.

Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, tunakutana hapa hapa kugawana milango ya kubisha. Anayejua kuandika vizuri aje na kalamu. Anayejua kuongea na wakubwa bila hasira, huyo tunamhitaji zaidi.

Mufike salama, na mutembee wawili wawili, maana njia ingali giza.